Egemeo la Mizani: Tarehe ya Kipimo Kutoka Forodha ya Lamu Hadi Beringi ya Hewa

Bandari kabla ya ngome

Katika miji yote ya pwani yetu iliyoneemeka kwa biashara ya bahari, hapana hata mmoja ulioweza kukaa pasipo mizani. Na visiwa vya Lamu, ambavyo tangu zama za kale vyombo vya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi vilivijia kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa pepo za kusi, vilikuwa na haja ya mizani kabla havijawa na haja ya ngome. Huko Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimbua magofu katika miaka ya 1980, zilionekana sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa mji wenyewe, pamoja na msikiti ambao misingi yake ya awali ni ya karne ya 8. Watu waliopiga sarafu ndogo namna ile hawakuwa wageni wa kupima madini, kwani fedha isiyojulikana uzito wake haina mnunuzi mwenye akili.

Nakusudia kuandika tarehe ya sehemu moja ndogo ya mizani, nayo ni mahali ambapo mkono wake huegemea, kwa sababu nina yakini ya kuwa uaminifu wa kipimo chote umekaa hapo, na kwamba safari ndefu iliyoanzia katika vitanga vya wafanya biashara wa pwani hata ikafika katika mitambo inayoelea juu ya hewa ni safari ya watu waliokuwa wakilitafutia egemeo lile raha.

Mizani ya zamani ni chombo chepesi kufahamika: mkono mmoja wa chuma au wa mti, vitanga viwili, na katikati ya mkono pahali pa kuegemea. Jiwe la kipimo huwekwa katika kitanga hiki na bidhaa katika kitanga kile, hata ulimi usimame wima. Atazamaye kwa haraka hudhani ya kuwa khiyana, ikiwapo, imo katika jiwe. Na ni kweli kwamba mawe mapungufu yamewadhulumu wanunuzi wengi, wala si bure kwamba Kurani ina sura iitwayo Al-Mutaffifin, yenye kuwaonya wapunjao. Lakini iko nuksani nyingine isiyo na mtu wa kulaumiwa. Pale mkono unapoegemea, chuma hukutana na chuma, na vyuma viwili vikutanapo hushikana. Mshiko huo, ndio msuguano, huuzuia mkono usishuke hata pale ambapo vitanga havilingani, na kila tofauti iliyo ndogo kuliko mshiko huo hupita bila ya kuonekana. Basi fundi aliyetaka mizani yake ihisi chembe ya dhahabu ilimbidi kwanza apambane na egemeo.

Silaha yake ya kwanza ilikuwa kupunguza mahali pa kukutana, mkono ukalazwa juu ya makali mfano wa ya kisu, ili chuma kiguse chuma kwa mstari mwembamba. Na elimu ya mahali hapo ilikwisha kuandikwa mapema: Abd al-Rahman al-Khazini, aliyekitunga kitabu chake cha Mizan al-Hikma mjini Merv kiasi cha mwaka 1121, alieleza mizani ya vitanga vitano ya kutambua dhahabu safi na iliyochanganywa, akafafanua jinsi tabia ya mizani inavyobadilika egemeo likiwa juu ya kitovu cha uzito, au chini yake, au papo hapo. Wakati alipoandika hayo, Shanga ilikuwa mji wenye kuta za matumbawe na biashara ya ng'ambo, na bahari iliyowapa watu wake bidhaa za Uajemi ndiyo iliyowapa na vipimo vyake.

Zama za reale na frasila, 1812 hadi 1895

Baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa kiasi cha mwaka 1812, na ambavyo watu wa Lamu waliwashinda humo Wapate na Mazrui wa Mombasa, mji ulimwelekea Sayyid Said wa Omani; ngome ikakamilika karibu na mwaka 1821, Liwali akaketishwa, na forodha ikaingia katika utaratibu mmoja na ile ya Unguja, ambayo tangu miaka ya 1830 aliikodi Jairam Sewji, mfanya biashara wa asili ya Kutch. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi, ufuta na boriti za mikoko zilihesabiwa na kupimwa kabla ya kupakiwa. Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kuwa pishi moja. Na bidhaa za thamani kwa wakia, ratili na frasila.

Yastahili kusimama hapa kidogo. Wakia ya pwani ilikuwa ni uzito wa reale moja ya fedha, ile yenye sura ya Maria Theresa na tarehe ya 1780, ambayo uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Wakia 16 zilifanya ratili, na ratili 35 zilifanya frasila. Kwa hiyo frasila moja ilikuwa sawa na reale 560, karibu kilo 15 na robo tatu. Hii ni hikima kubwa, kwa maana mfanya biashara wa Lamu, aliye mbali na kila serikali iwezayo kumpigia mhuri jiwe lake, alikuwa na kipimo cha asili mfukoni mwake, kilichopigwa kiwandani Ulaya kwa uzito usiobadilika, na akishuku jiwe la mwenziwe aliweza kulilinganisha na reale mbele ya mashahidi. Jambo hilo la kukirudisha kila kipimo kwa kipimo kilicho bora kuliko chenyewe ndilo ambalo wataalamu wa leo hulifanya kwa gharama nyingi. Nuksani ilibaki katika pishi, ambayo ya mji mmoja haikulingana daima na ya mji mwingine, na nyingine ilibaki katika egemeo.

Amma msuguano wenyewe, watu wa visiwa waliujua kwa mikono. Chombo kilipopandishwa pwani, mafundi walikipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili wadudu wasitoboe mbao na maji yapite juu ya ubavu pasipo kushikwa. Mbao za juu zilinyweshwa sifa, mafuta ya papa. Matondoni, ambako jahazi huundwa mpaka leo, tundu za misumari zilitobolewa kwa keke, inayozungushwa kwa uta huku fundi akiikandamiza. Na mjini vilikuwako vinu vya ufuta vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa kwenye mti mrefu: kadiri mti ulivyokuwa mrefu, ndivyo nguvu ile ile ya mnyama ilivyozungusha mzigo mzito zaidi. Nguvu ya kuzungusha, ambayo wahandisi huiita torki, ni hiyo tu: nguvu ya kuvuta ikizidishwa kwa urefu wa mkono unaovutwa.

Watu wa Ulaya na Marekani waukabili msuguano, 1781 hadi 1897

Ni ajabu ya kupendeza kwamba mtu mmoja aliziwekea misingi elimu zote mbili tunazozihitaji. Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alitunukiwa mwaka 1781 na Chuo cha Sayansi cha Paris kwa risala yake juu ya msuguano. Na miaka michache baadaye, baada ya kuchunguza jinsi uzi mwembamba wa madini unavyopinga kusokotwa, alitengeneza mizani isiyo na egemeo kabisa, fimbo ndogo iliyoning'inizwa kwa uzi, ambayo kwayo mwaka 1785 alipima nguvu za umeme. Yeye aliyeujua msuguano kuliko wenzake wote ndiye aliyetambua ya kuwa kwa nguvu ndogo sana dawa ni kuukimbia.

Lakini uzi haubebi mzigo mzito, na karne ya 19 ilikuwa karne ya mizigo mizito. Mashine za mvuke zilipoteza sehemu ya nguvu zao katika egemeo zao, kwa hiyo akili nyingi zikaelekea huko. Gustave-Adolphe Hirn wa Alsace alionyesha mwaka 1854 kwamba hata hewa yaweza kufanya kazi ya mafuta kati ya vyuma viwili vinavyokwenda mbio. Beauchamp Tower, katika majaribio yake ya miaka ya 1880 juu ya ekseli za magari ya moshi, aliona mafuta yakisukuma kizibo kutoka katika tundu aliloliziba, dalili ya kuwa utando wa mafuta una nguvu ya kubeba. Na mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu yake, akadhihirisha kwamba ekseli ipakwayo mafuta vizuri haigusi chuma chochote inapozunguka.

Kisha likatokea tukio ninaloliona kuwa kilele cha tarehe hii. Albert Kingsbury, mwalimu wa uhandisi nchini Marekani, alikuwa akitengeneza mashine ya kuchunguza msuguano wa nyuzi za parafujo, mashine yenye kukandamiza na kusokota kwa pamoja, na ndani yake pistoni iliyochongwa kwa usahihi mkubwa ikae katika silinda yake. Alipoizungusha pistoni ile kavu, pasipo tone la mafuta, iliendelea kuzunguka yenyewe wala haikutaka kusimama. Kingsbury akatambua kuwa ilikuwa imepanda juu ya utando wa hewa. Alitengeneza nyingine yenye kipenyo cha inchi 6 kwa ajili ya utafiti, akapima hewa ilivyojikusanya chini ya chuma, na mwaka 1897 akatangaza matokeo. Torki na hewa zilikutana hivyo katika chombo kilichokusudiwa kupima kitu kingine.

Kupima kisichoonekana kikisokotwa, 1900 hadi 1950

Hata hivyo ugunduzi ule ulilala kwa muda, kwa kuwa haja yake ilikuwa haijafika. Haja ililetwa na meli. Nguvu ya injini ya pistoni iliweza kujulikana kwa kupima kani ya mvuke ndani ya silinda. Lakini turbini ya mvuke, iliyoenea melini mwanzoni mwa karne ya 20, haina silinda ya kuchunguliwa, na mwenye meli hakuwa na njia ya kujua kama alipewa nguvu alizolipia. Mjerumani Hermann Föttinger akabuni chombo cha kusoma jinsi ekseli ya rafadha inavyojisokota kidogo chini ya mzigo, na kwa msokoto huo akajua torki. Mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja mahali pake Marekani, walibuni waya mwembamba unaogandishwa juu ya chuma na kubadili ukinzani wake wa umeme chuma kinaponyooka. Tangu hapo torki ya ekseli yoyote iliweza kusomwa kama hesabu ya umeme.

Ndipo likazuka swali ambalo kila kipimo kipya hulizusha: chombo kinasema hivi, nani anasema kwamba kinasema kweli? Jibu lilipaswa kutoka kwa mizani, mkono unaojulikana urefu na uzito unaojulikana, ukining'inizwa mwishoni ili utoe torki isiyo na shaka. Na papo hapo adui wa zamani akarudi. Beringi ya gololi, hata iwe nzuri namna gani, ina mshiko wa kuanzia: husubiri mpaka nguvu izidi kiasi fulani ndipo itikisike, na kiasi hicho huibwa kutoka katika kipimo, tena hakiibwi sawa kila mara.

Ghuba ya Ungwana, 1967 hadi 1988

Katika miaka ya 1950 wahandisi wa jairoskopi, vyombo vinavyoshika mwelekeo wa ndege na makombora, walikwisha kugundua kwamba msuguano mdogo kabisa wa egemeo hupotosha njia, wakaikumbuka hewa ya Kingsbury. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilikuwa na meza iliyolala juu ya tufe linaloelea juu ya hewa, ili vyombo vya kuongoza setilaiti vijaribiwe ardhini kana kwamba vimo angani, visizuiwe na chochote.

Sehemu ya mambo hayo ilitufikia sisi wenyewe. Katika ghuba ya Ungwana, baina ya Malindi na visiwa vyetu, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha mbele ya Ngomeni majukwaa mawili baharini, San Marco na Santa Rita, kwa sababu karibu na mstari wa ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Tarehe 26 Aprili 1967 iliruka kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2. Tumboni mwake mlikuwa na mizani: gamba jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono yenye kunyumbuka, na hewa nyembamba ya juu ilipolisukuma gamba, mikono ilipinda kwa kadiri ambayo vyombo vya umeme viliisoma. Broglio aliipima hewa ya mbinguni kwa msukumo wake. Humo pia hamkuwa na egemeo la kugusana, kwani kilichobeba ni chuma chenyewe kinachopinda.

Setilaiti tisa zilirushwa kutoka San Marco hadi mwaka 1988, na iliyo mashuhuri kuliko zote iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru kwa neno letu. Hiyo ndiyo ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuitazama mionzi ya eksirei ya nyota. Kuelekezwa kwake kulitegemea gurudumu linalozunguka ndani yake na torki ndogo za sumaku zilizosukumana na usumaku wa dunia, torki ambazo mshiko wa beringi ya kawaida ungezimeza. Wavuvi wa ghuba ile waliona moto na moshi tu, na hawalaumiki. Lakini ni haki ya watoto wa pwani kuambiwa kwamba kazi ya kupima nguvu ndogo kupita kiasi imewahi kuanzia safari yake katika maji yao.

Mkono unaoelea

Beringi ya hewa ya leo haingojei kuzunguka ndipo ibebe, kama pistoni ya Kingsbury. Hewa iliyokandamizwa hupitishwa katika vitundu vidogo, au katika kaboni yenye vinyweleo, ikatoka kati ya nyuso mbili zilizosuguliwa hata zikalingana, na kuziachanisha kwa maikroni chache, wakati unywele wa binadamu una maikroni kama 70. Faida yake kubwa imo katika sifa moja ya hewa: haina mshiko wa kuanzia. Ukinzani wa utando wa hewa huja kwa mwendo na huondoka kwa mwendo. Mkono uliotulia haushikwi na chochote. Hata ukienda, unato wa hewa ni mdogo kuliko wa mafuta mepesi kwa mara elfu au zaidi.

Katika taasisi ya taifa ya vipimo ya Ujerumani mjini Braunschweig, iitwayo PTB, ilijengwa katika miaka ya 1990 mashine ya torki ya niutoni-meta 1,000 ambayo mkono wake umeegemea beringi ya hewa, na mawe ya uzito huning'inia kwa utepe mwembamba wa chuma ili mahali pa kuvutia pasihame. Shaka ya kipimo chake ni sehemu 2 katika 100,000. Kwa torki ile nzima, hiyo ni sawa na gramu 2 zikining'inizwa mwishoni mwa mkono wa meta moja. Na afikiriye jinsi beringi yenye kutu inavyoweza kuimeza hata frasila nzima pasipo kutikisika atajua watu hawa wamefika wapi.

Lakini hewa hiyo ni mteja mgumu. Yataka iwe kavu na safi, kwa maana unyevu, mafuta au vumbi likiingia katika nafasi ya maikroni chache, nyuso hugusana na kuharibika. Katika upepo wa Lamu, uliojaa chumvi na unyevu, chombo kama hicho hakiwezi kukaa ila katika chumba kilichofungwa na kupoozwa, na mtambo wa kukausha hewa ukifanya kazi usiku na mchana. Huu ndio ukweli wa gharama, na si vizuri kuuficha.

Kutoka 1974 hadi gati ya kwanza

Kenya huru iliacha ratili na kushika kilo, na mwaka 1974 ikaunda Shirika la Viwango la Kenya, ambalo maabara zake za vipimo zilizoko Nairobi ndizo zenye kuhifadhi vipimo vya asili vya taifa. Mwaka 2010 nchi ikawa mwanachama wa Mkataba wa Meta, uliotiwa sahihi mjini Paris tarehe 20 Mei 1875, na ambao siku yake huadhimishwa kila mwaka na wapimaji wa dunia nzima. Tarehe 20 Mei 2019 kilo yenyewe iliachana na kipande cha madini kilichowekwa karibu na Paris, ikafungamanishwa na kanuni za maumbile. Na tarehe 20 Mei 2021, kwa sadfa ambayo sikuona mtu akiitaja, Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu katika ghuba ya Manda, meli ya CAP Carmel ikiwa imefunga.

Bandari ya namna hiyo ni nyumba ya torki. Kreni husimama kwa parafujo ambazo kila moja ina kiasi chake cha kukazwa: ikilegea hujifungua kwa mtikisiko, ikizidishwa hukatika. Spana ya kupimia torki inayofanya kazi hiyo hupoteza usahihi wake kadiri inavyotumika, na yapasa irudishwe kwa kipimo kilicho juu yake, nacho kwa kingine kilicho juu zaidi, kama jiwe la mizani lilivyorudishwa kwa reale.

Na hapo pana hesabu moja ambayo fundi wa Lamu hana budi kuijua, kwa kuwa ni ya mahali pake. Mizani ya vitanga viwili husema sawa popote, maana mvuto wa dunia huvuta jiwe na bidhaa kwa kadiri moja; lakini uzito unaotoa torki hutegemea mvuto wa mahali ulipo. Lamu, kwenye latitudo ya nyuzi 2 na kidogo kusini ya ikweta, mvuto ni takriban meta 9.780 kwa sekunde mraba. Braunschweig ni 9.813. Kilo 10 zikining'inizwa katika mkono wa nusu meta zitatoa niutoni-meta 49.06 kule, na 48.90 hapa. Tofauti hiyo ni sehemu moja katika 300, zaidi ya mara mia ya shaka yote iliyobaki katika mashine ya hewa. Basi atakayeleta mawe yaliyohesabiwa kwa mvuto wa Ulaya, akayatumia Manda bila ya kuyahesabu upya, atakuwa amepoteza yote yaliyopatikana tangu Coulomb. Maabara ya torki ikijengwa siku moja kwa ajili ya bandari hii, jambo ambalo ukubwa wa kazi yake unalidai, kazi ya kwanza ndani yake itakuwa kupima mvuto wa dunia papo hapo sakafuni, kabla mkono haujainuliwa juu ya hewa.